Jozi ya suruali ni suruali mbili, mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua mnapenda barua fupi ila hii haitakua fupi, mkiona imezidi kateni kule kwa mapacha, hapa kwenye jozi msiguse.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwanamke, nashona sare za shule na napinda khanga, na gazeti lenu nalisoma likifika. Sasa hivi karibuni mmetoa habari ya msaada kwa wanafunzi mkaandika kwamba kila mtoto kapewa "jozi moja ya suruali". Nikamsomea mwenzangu tunaefanya nae kazi akasema jamani hao watoto wamebahatika, suruali mbili mbili, moja avae moja ifuliwe. Kuja kuangalia picha kila mtoto kashika suruali moja. Moja! Ya pili sijui imebaki wapi, labda huko kwenye Kiingereza ilikotokea habari.

Maana ndo huko ilikotokea. Kwa Kiswahili jozi ya suruali ni suruali mbili na suruali moja ni suruali moja tu, hata iwe na miguu miwili na mifuko minne na lupu za mkanda kuzunguka kiuno kizima. Waingereza ndo wanasema jozi ya suruali, jozi ya mkasi, jozi ya miwani, na wanamaanisha kitu kimoja, na siwalaumu kwasababu wana historia yao, zamani huko Ulaya vazi la miguuni lilikua vipande viwili kabisa, mguu wa kushoto kivyake na wa kulia kivyake, kila mmoja unafungwa kwa kamba juu kiunoni, baadae sana ndo mafundi wao wakaja kuunganisha. Sisi hatukupita huko. Suruali imetufikia ikiwa imeshashonwa nzima, na jina lake tumelichukua kwa Waarabu, sirwali, ambao nao walilitoa Uajemi. Hakuna mzee wa pwani aliewahi kuvaa mguu mmoja wa suruali akatafuta wa pili.

Mtasema fundi huyu ana maneno mengi kwa jambo dogo. Sio dogo, ni hela. Nimeletewa karatasi ya oda na shule moja, siitaji jina, imeandikwa mashati 60, jozi 60 za suruali, jozi 120 za soksi. Hapo ukiwa fundi lazima usimame kwanza. Soksi naelewa, kila mtoto pea mbili, hamna tabu. Suruali je? Kama Kiswahili ni Kiswahili basi hizo ni suruali 120, na suruali ya mtoto wa la sita la saba inakula kitambaa kama mita moja na kitu, haya piga hesabu mwenyewe ni kitambaa kiasi gani nikachukue dukani kwa mkopo alafu waje waniambie walitaka nusu yake. Nikapiga simu. Mhasibu ananiambia, "Fundi, si umeandikiwa jozi sitini?" Nikamuuliza jozi moja ni suruali ngapi mwalimu. Akacheka, akasema, "Na wewe fundi nae, suruali si ina miguu miwili? Basi ndo jozi hiyo." Yani yeye anahesabu miguu! Kwa hesabu hiyo shati nalo lina mikono miwili mbona hakuandika jozi 60 za mashati. Nilivyombana zaidi ndo akasema ile karatasi iliandikwa kwanza kwa Kiingereza ikapitishwa kwenye simu ikatoka hivyo. Simu imetafsiri, binadamu kasaini, na fundi ndo wa kubaki na majora ya kaki dukani.

Sasa hilo neno jozi lenyewe. Tumelipata kwa Waarabu, wao wanasema zauji, na sehemu nyingine za Uarabuni ile herufi zee na ile herufi jimu zimebadilishana nafasi zikatoa kitu kama jozi yetu. Lakini hata Waarabu sio wa kwanza, wao walilipata kwa watu wa Kiaramu na wale walilipata kwa Wayunani, zeugos, na huko Uyunani ilikua inahusu nira na wale ng'ombe wawili waliofungwa pamoja. Waislamu wenzangu mnajua zauji ni mume na zauja ni mke, mmoja wa wawili. Kwaiyo toka huko kwenye ng'ombe mpaka kwenye ndoa mpaka kwenye viatu vya Bata ni jambo lile lile, vitu viwili kamili, kila kimoja kinasimama chenyewe ila kina mwenzie. Kiatu kimoja ni kiatu, ukikipoteza kimoja unabaki na kiatu (na hasira). Soksi moja ni soksi, hereni moja ni hereni. Mguu mmoja wa suruali ni nini? Ni tambara la kufutia cherehani. Mi hicho ndo kipimo changu na wanagenzi wangu nawafundisha hivyo, kigawanye katikati uone kila upande unabaki na jina lake au linapotea.

Kuna mtu atanishika hapa aseme mbona wacheza karata wanasema jozi ya karata na hapo ni karata 52. Ni kweli wanasema. Hapo neno limetanuka likawa seti nzima ya vitu vinavyokaa pamoja, lugha ndo zilivyo. Lakini onyesheni mcheza karata aliewahi kushika karata moja, tuseme shupaza, akaita jozi. Na wale vijana waliorudi Sauzi wanaosema wametoka Jozi wanamaanisha Johannesburg, hao waacheni.

Pea nayo sina ugomvi nayo. Ni ile ile ya Kiingereza imekuja ikakaa kwenye viatu na soksi na imetulia hapo hapo, ukienda kwa muuza mitumba ukamwambia nipe pea ya suruali atakufungia mbili na atakuuliza rangi moja au tofauti. Muuza mitumba anajua Kiswahili kuliko hiyo simu.

Alafu kuna hili la doti, na hapa ndo nilikua nataka kufika.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu huu akasema doti ya khanga inaitwa doti kwasababu Wahindi wakihesabu wanasema ek, do, tin, na do ni mbili, basi khanga mbili ndo doti. Maelezo matamu hayo, hata mi nilipenda nilivyosoma, ila sio. Kweli do ni mbili kwa Kihindi, na kweli doti imetoka India, lakini haikutoka kwenye kuhesabu, imetoka kwenye nguo, dhoti, lile vazi la wanaume wa Kihindi ambalo Gandhi anaonekana nalo kwenye picha. Na dhoti kule kwao ni nguo moja. Ndefu, inazungushwa kiunoni na kupitishwa katikati ya miguu, ila ni moja. Huo uwili hawakutupa wao, tumeutia sisi huku.

Uliingia kwenye biashara ya misafara. Enzi zile misafara inatoka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji pesa ya njiani ilikua ni nguo, na nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, nusu yadi hivi. Mikono minne ni shuka, yani yadi 2. Shuka mbili ni doti, yadi 4. Zaidi ya hapo unaongelea jora. Wazungu waliopita humo, Burton mwaka 1857, Stanley mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, wameandika hesabu zao kwa doti, doti kadhaa za chakula, doti kadhaa za hongo (enzi hizo ni ushuru wa kupita) kwa watemi wa Ugogo, na Wagogo walikua hawana mchezo kwenye hongo. Nguo yenyewe ilikua merikani, ile nyeupe ngumu iliyoletwa na meli za Wamarekani kutoka Salem ndo maana ikaitwa hivyo, na kaniki ile nyeusi ya buluu. Sasa angalia, doti pale ni kipimo lakini ni kipimo cha shuka mbili, mtu anaielewa kwa kuigawa katikati. Mpagazi akipewa doti kapewa nguo mbili za kujifunga.

Ndo maana khanga zilivyoanza kutoka, mwisho mwisho wa karne ya 19, neno lilikua lipo tayari linasubiri. Mwanzoni wanawake wa pwani walikua wananunua leso zikiwa hazijakatwa kwenye jora, wanachukua sita wanaziunga tatu juu tatu chini wanapata nguo moja kubwa, na Mombasa mpaka leo hawasemi khanga wanasema leso. Baadae wafanyabiashara wakaona ya nini hawa mama wahangaike na sindano, wakachapisha nzima nzima. Lile duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi tunalijua kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla" kwenye khanga, lipo toka 1887. Na zikauzwa mbili mbili, doti, mpaka kesho.

Waandishi wa gazeti sijui kama mmewahi kushika khanga haijakatwa, ngoja niwaelezee. Inakuja ni kitambaa kimoja kirefu, khanga mbili zimefuatana, pindo lile lile, mji (ile sehemu ya katikati) ule ule na jina (yale maandishi) lile lile mara mbili, na katikati pale pindo la huku linapomalizika na la kule linapoanza pana mwanya mwembamba, kama upana wa kidole, hauna ua wala nukta. Hapo ndo pa mkasi. Ukikosea ukaingia upande mmoja basi khanga moja itakua na pindo nene na nyingine pindo jembamba, na mteja ataona, usijidanganye kwamba hataona. Zile pande ndefu huzigusi maana zina ukingo wa kiwandani hazifumuki, unapinda zile fupi tu, mbili kwa kila khanga, kwaiyo doti moja ina mishono minne. Kabla sijaweka mkasi pale ni kitu kimoja au viwili? Kwa Mwingereza ni kimoja kwasababu hakijakatwa. Kwa mama aliekileta ni doti, na ukimuuliza "shangazi, hii ni khanga ngapi?" atakujibu mbili mwanangu, kata. Uwili wake haungoji mkasi.

Na una kazi zake huo uwili. Moja chini moja juu, moja kiunoni moja kichwani, au moja ya mama moja ya kumbebea mtoto. Ukimpelekea mtu khanga kwenye arusi au uzazi unapeleka doti, ukipeleka kipande kimoja watu wataulizana cha pili umempa nani. Maana kugawana doti ni kitu cha mashoga, yani wanawake marafiki wa damu, wewe kimoja mwenzio kimoja, mkipita njiani na khanga ya jina moja kila mtu anajua hawa ni wa chumbani. Nimeona mashoga wamegombana na mmoja akarudisha kipande chake kwa mwenzie kwa mkono wa mtoto, kimekunjwa vizuri, bila neno, na ujumbe ukafika.

Ndo maana nashangaa mkiandika "jozi ya khanga". Sio kosa kama lile la suruali, maana ni mbili kweli, ila ni kama mtu kaandika habari ya khanga hajawahi kuingia dukani Kariakoo pale Mtaa wa Uhuru akanunua hata moja. Viatu jozi, khanga doti.

Na msije mkasema na Doto nae ametokana na doti, maana kuna kijana wangu hapa kiwandani kwangu (kiwanda nasema kwa utani, ni cherehani nne na feni moja) alikua ameshaanza kuwaelezea wenzie hivyo. Kulwa na Doto yametoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa anaetangulia, Doto anaefuata, na nchi nzima imeyachukua. Kila watu wana yao, Waluo wana Opiyo na Odongo, Warundi Bukuru na Butoyi, Waganda wana Wasswa na Kato na kwa wasichana Babirye na Nakato, na huku kwetu pwani ukisikia Hassan basi uliza Hussein yuko wapi.

Mapacha ndo mmeniua kabisa, mliandika mama kajifungua "jozi ya mapacha". Wangapi hao? Pacha ni neno letu la toka enzi, ndugu zetu Wanyanja wanasema mapasa na Washona mapatya, na ndani yake tayari kuna wenzie, hakuna pacha anaezaliwa peke yake. Ukisema mapacha inatosha, tunajua wawili. Wakiwa watatu ndo unasema mapacha watatu, hapo neno limekubali kuongezwa, lakini ukiweka jozi mbele mi nahesabu wanne na kumuonea huruma huyo mama.

Na lile neno mama la yote, hili la -wili, wala hatukuliazima popote. Sita, saba na tisa tulizipokea kwa Waarabu, ila mbili tunayo pamoja na Waganda wanaosema bbiri, Wanyarwanda kabiri, Wazulu kubili, ni nyumba moja. Ndo maana inabadilika kila inapokaa, watu wawili, viti viwili, khanga mbili, mke wa pili, Jumapili ambayo ni ya pili kwasababu tunaanza kuhesabu Jumamosi ikishapita Ijumaa. Hata ile ndumilakuwili mnayowapachika wanasiasa kila wiki ni hiyo hiyo -wili imewekewa ku-, huku na huku, nyoka anaeaminiwa ana kichwa mbele na kichwa nyuma, haujui anaelekea wapi mpaka akung'ate. Mkiandika siasa mnapatia vizuri tu, uwili wa wanasiasa mnauona, ni wa nguo ndo hamuuoni.

Naomba basi mambo mawili. La kwanza mnalijua, habari ikija kwa Kiingereza imeandikwa pea ya suruali nyie andikeni suruali moja, pea tano andikeni suruali tano, na mkasi mmoja, na miwani moja, mwambieni na huyo anaetumia simu kutafsiri asome mara ya pili kabla ya kutuma. Ile oda yangu niliirudisha, nikakata neno jozi kwa kalamu nyekundu kwenye mstari wa suruali nikaandika "suruali 60 (sitini)", mhasibu akasaini pembeni, ndo nikaenda dukani kuchukua kitambaa.

La pili ni bei. Mkitoa zile bei za sokoni kuelekea Idi au Krismasi mnaandika "khanga" na bei mbele yake, basi. Khanga gani, doti au kipande? Maana siku hizi kuna maduka yanakata kabisa na kuuza kipande kimoja kimoja, wanatundika bei ya kipande kwa maandishi makubwa, mama wa watu anaona rahisi anakimbilia, akifika nyumbani anafungua anakuta moja, akirudi anaambiwa mama sisi tuliandika khanga hatukuandika doti. Kwa maneno wamemshinda. Nyie mkiandika "doti" kwenye orodha yenu watalazimika na wao kuandika.

Fundi cherehani,
Tanga

N.B. Ile miwani moja nimeandika moja makusudi, najua wengine wanasema miwani miwili wakimaanisha hiyo hiyo ya kuvaa usoni kwasababu ina vioo viwili. Hao nao waje tuongee.